Jinsi nilivyoimaliza Mario ya mwaka 1985 kwenye TV ya chogo

"Mjomba, huyu Mario anafikiri kwanza ndiyo anaruka," mpwa wangu aliniambia, akaweka padi chini, akarudi kwenye simu yake. Alikuwa amecheza dakika tano.

Niliumia. Mashine hiyo ya gemu nilikuwa nimeitoa chini ya kitanda cha mama, Ngamiani, Tanga, ndani ya boksi la maziwa ya unga, pamoja na bastola yake ya kuchezea na kaseti tatu. Nilisafiri nayo hadi Dar es Salaam nikiwa nimeipakata, kwa sababu nilitaka binti huyu wa dada yangu akione kitu nilichokipenda kuliko vyote nilipokuwa na miaka 11 kama yeye. Si Nintendo halisi. Ni zile mashine za kuiga za miaka ya tisini, zinazosoma kaseti za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Wengi wetu tulimjua Mario kupitia hizo za kuiga, na wala hatukujua kwamba kuna nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto alisema kweli. Niliposhika padi mwenyewe, Mario alitumbukia kwenye shimo la kwanza, shimo ambalo zamani nililivuka huku napiga soga. Nikarudia, akatumbukia tena. Super Mario Bros. niliyoibeba kichwani miaka 26 ilikuwa nyepesi, na hii ya sebuleni ilikuwa kama mtu anayekimbia ndani ya maji. Usiku ule nililala na wazo baya: pengine gemu haikuwahi kuwa tamu. Pengine tulikuwa watoto tu, na mtoto hufurahia chochote anachopewa.

Sikutaka kulikubali wazo hilo kabla sijahakikisha kila kifaa kiko sawa. Nikaanza na kaseti. Zamani ikigoma tulikuwa tunaipuliza kwa mdomo, na ukiwa nayo leo nakusihi usiipulize, maana pumzi ina unyevu na unyevu unayaharibu yale meno ya shaba. Nilichukua pamba, nikaichovya kwenye spiriti, nikayasugua mpaka pamba ikaacha kutoka nyeusi. Kisha nikafungua padi. Ndani kuna raba yenye vidoti vyeusi vya kaboni, na kidoti kikilika kitufe hakishiki. Cha kuruka kilikuwa kimelika kabisa. Nikakata kipande cha karatasi ya fedha ya pakti ya sigara, nikakigandisha kwa tone la gundi, njia ileile ambayo mafundi huitumia kwenye rimoti. Kitufe kikawa kinaitika kila nikikigusa. Mario akabaki mzito vilevile.

Bastola ndiyo iliyonifumbua macho. Kwenye kaseti mojawapo kuna Duck Hunt ya mwaka 1984, ile ya kupiga bata. Nililenga, nikafyatua, bata akajiendea zake. Nikasogea mpaka mdomo wa bastola ukagusa kioo. Bure. Nikaipeleka kwa fundi wa TV na redio mtaani kwetu, mzee mmoja mwenye kibanda kilichojaa mizoga ya spika, nikamwamkia na kumweleza kwamba bastola yangu imekufa. Aliifungua, akaipima, akaifunga.

"Bastola nzima hii, mwanangu. Nyumbani una TV gani?"

Nikamwambia flati, ya inchi 43.

"Basi bata huyo humpati milele. Tafuta chogo, ile TV nene ya kizamani."

Alinieleza akiwa ameishika mkononi. Bastola hairushi kitu chochote, yenyewe ni jicho. Ukifyatua, gemu inaifanya skrini yote kuwa nyeusi, kisha inachora kisanduku cheupe pale alipo bata. Jicho likiona giza halafu mwanga, bata amekufa. Hayo yote yanapita kufumba na kufumbua, ndani ya picha chache, na mashine inatoa picha 50 au 60 kila sekunde kutegemea aina yake. TV ya chogo inachora mstari kwa mstari papo hapo ishara inapofika. Flati inaipokea ishara ile ya zamani, inaibadilisha, inaikuza ijae kioo, ndipo inaionyesha. Mwanga unapolifikia jicho la bastola, gemu imeshaacha kuungoja.

Nilisimama pale kibandani nikitafakari. Kama mwanga wa bata unachelewa, na Mario naye anachelewa. Mpwa wangu alikuwa ameliona tatizo kabla ya fundi.

Kwenye mipangilio ya ile flati nilikuta hali maalumu ya gemu. Nikaiwasha, uzito ukapungua lakini haukuisha. Nikarudi kwa mzee, akaniuzia chogo ya inchi 14 kwa shilingi 30,000, na bodaboda akanisaidia kuifikisha nyumbani. Nikachomeka waya wa njano wa picha na mweupe wa sauti. Nikabonyeza, na Mario akaruka wakati uleule kidole kinashuka. Nilikaa sakafuni, nikapita hatua ya kwanza nzima bila kufa, na nakiri machozi yalinilenga.

Lakini mimi si shahidi mzuri, kwa sababu nina utoto wangu ndani ya gemu ile. Shahidi alikuwa yule binti, ambaye hakuwa na kumbukumbu yoyote nayo. Sikumwita. Alisikia bata wakilia, akaja mwenyewe.

Duck Hunt ina siri nzuri: ukicheza ile ya bata mmoja, mtu wa pili mwenye padi anaweza kumwongoza bata. Nikampa padi, mimi nikashika bastola. Akanitesa jioni nzima kwa kumzungusha bata pembeni mwa kioo, akicheka mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini. Kesho yake akaomba Mario.

Nilimwangalia akijifunza. Gemu haikumwandikia maelezo hata mstari mmoja. Kiumbe cha kwanza kinakuja polepole kutoka kulia. Usiporuka kinakuua, na hasara yako ni sekunde chache tu. Uyoga wa kwanza ukitoka unatembea, unagonga bomba, unageuka na kukufuata, kwa hiyo hata anayeuogopa anaupata na anajionea kwamba unamkuza. Kitufe cha kuruka ukikigusa, Mario anaruka kidogo. Ukikishikilia anapanda juu. Ukiongeza na cha kukimbia anapaa mbali, na akiwa hewani bado unaweza kumvuta nyuma kidogo. Ni vitufe viwili tu, na bado baada ya siku nne alikuwa anaruka kwa namna yake, mapema kuliko mimi, kwa ujasiri zaidi.

"Mjomba, hiki kichaka si ndiyo lile wingu?" aliniuliza.

Ndiyo, ni mchoro mmoja uliotiwa rangi mbili. Gemu nzima, hatua 32 pamoja na muziki wa Koji Kondo, ni kama kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja ya simu yangu. Shigeru Miyamoto, Takashi Tezuka na wenzao walioitengeneza hawakuwa na nafasi ya kuweka kitu kisicho na kazi, na naamini hiyo ni sababu kubwa ya gemu kutochuja. Ukifa, unajua kosa lako, na mkono unataka kulisahihisha saa ileile. Sehemu nisizozipenda hadi leo ni ngome za 4-4 na 7-4, yaani hatua ya nne ya dunia ya 4 na ya dunia ya 7, ambazo ukishika njia isiyo sahihi zinakurudisha nyuma bila kukwambia lolote. Pale unashindwa kwa kutojua, si kwa kukosea, na hilo ni jambo tofauti.

Utotoni sikuwahi kuvuka dunia ya 5. Roho tatu zikiisha unarudi 1-1, na nyuma yako kuna foleni ya watoto wa mtaa mzima. Ukubwani ndipo nilipojifunza kwamba roho zikiisha ukashikilia A kisha ukabonyeza Start, unaanza mwanzoni mwa dunia uliyofia. Kwa njia hiyo, nusu saa kila jioni baada ya yeye kumaliza kazi za shule, tulifika dunia ya 8 ndani ya wiki tatu. Huko hatua zote hazina katikati: ukifa karibu na mwisho, unarudi mwanzo wake. Tulikwama 8-3 kwa wale warusha nyundo siku tano. Siku tuliyowavuka, umeme ukakatika.

Mashine haihifadhi chochote. Binti alitaka kulia. Umeme uliporudi nikamwonyesha mabomba ya siri ya 1-2 yanayofika dunia ya 4, kisha mmea wa 4-2 unaopanda juu hadi kwenye bomba la dunia ya 8. Hazikupita dakika kumi tukawa 8-1 tena, na safari hii ugumu wa kila hatua tuliujua. 8-4 tuliigawana: yeye mabomba na majini, mimi joka la mwisho. Saa tatu kasoro usiku binti mfalme alitushukuru.

Nilidhani tumemaliza. Skrini ikasema kuna safari mpya, tubonyeze B kuchagua dunia. Tukaingia 1-1, na badala ya yule kiumbe wa mwanzo akaja mdudu mwenye gamba gumu.

"Mjomba, mpige moto."

"Huyu hafi kwa moto."

Akanitazama, akaninyang'anya padi.