Mlango wa Chumba cha Piano

Jana asubuhi, kabla sijafunga kamba za viatu vya kazini, uliingia ujumbe wa binti wa Mwalimu, mgonjwa wangu wa zamani aliyekuwa akifundisha kuimba, ujumbe unaokuja kila mwaka kunikumbusha kwamba jioni hiyo atawasha mshumaa wa yahrzeit, kumbukumbu ya Kiyahudi ya kila mwaka ya siku ya kifo, ule unaowaka saa 24 kwa ajili ya marehemu. Tarehe haikuwa ile ya mwaka jana, wala sikushangaa. Mtu aliyelelewa Tanga akingoja mwandamo wa mwezi hahitaji kufafanuliwa kwa nini siku ya msiba huhama kwenye kalenda ya ukutani, ingawa Wayahudi huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19 ili sikukuu zao zisitoke katika majira yake, na sisi hatuongezi kitu, tunaiacha Ramadhani izunguke mwaka mzima ipendavyo. Mwishoni aliandika kwamba mwanawe mdogo anauliza ule wimbo wa bibi yake ulikuwaje. Nilimrekodia kibwagizo nikiwa bado nimeketi kitandani, nikautuma, kisha nikachelewa kazini kwa kufikiria yale ambayo rekodi isingeweza kumweleza mtoto.

Nyumba ile ya Silver Spring, Maryland, ilikuwa na watu watatu, kila mmoja bingwa katika fani yake, na kila mmoja akiamini kimoyomoyo kwamba fani yake ndiyo iliyozibeba nyingine mbili. Mwalimu alikuwa amefundisha kuimba kwa muda mrefu kiasi kwamba hata wanafunzi wa wanafunzi wake walikwisha kuzeeka sauti. Ukutani, juu ya piano, ilitundikwa picha ya Manuel García, mwalimu wa kuimba mwenye asili ya Uhispania ambaye mwaka 1854, kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, aliziona nyuzi za sauti za koo lake mwenyewe zikifunguka na kufumba, na mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa mbele ya wanasayansi wa London. Siku ya kwanza nilipoingia na mkoba wangu, Mwalimu alinionyesha picha hiyo kabla ya kunionyesha magoti yake. "Madaktari walianza kuchungulia makoo kwa kioo cha mwalimu wa kuimba," aliniambia, "kwa hiyo usije ukadhani kwamba wewe ndiye uliyeletwa kunifundisha habari za mwili."

Sauti yenyewe ilikuwa imefifia kwa ugonjwa wa Parkinson, na mtaalamu wa usemi alikuwa akimfundisha kwa njia iliyopewa jina la Lee Silverman, mwanamke wa Arizona aliyeugua maradhi hayo hayo. Kiini cha njia hiyo ni kumtaka mgonjwa apaze sauti kwa nguvu zake zote, mara 4 kwa wiki, kwa wiki 4. Mwalimu aliifuata kwa nidhamu na kuilalamikia kwa nidhamu ile ile. "Nimelipwa miaka yote hiyo kuwakataza watu wasipige kelele," alikuwa akisema, "na sasa nalipiwa nizipige mimi."

Mumewe, tuliyekuwa tukimwita Mzee, hakuwa mtu wa kelele hata kidogo. Alikuwa mwanasheria aliyetumia nusu ya maisha yake kuwatetea Wayahudi wa Muungano wa Kisovieti walionyimwa ruhusa ya kuhama, na alikuwa miongoni mwa wakazi wa Washington waliosimama kimya ng'ambo ya ubalozi wa Kisovieti katika Mtaa wa 16, saa 6:30 mchana, dakika 15 kila siku, tangu tarehe 10 Desemba 1970 hadi tarehe 27 Januari 1991. Yeye mwenyewe hakwenda kila siku, na alikuwa mwepesi wa kulikiri hilo, maana zamu ziligawanywa baina ya masinagogi na vyama mbalimbali. Alichojivunia ni kwamba theluji haikuwahi kuliacha tupu eneo lile la barabara. Upande wa pili wa kazi yake ulikuwa karatasi. Ile sheria ya biashara ya Marekani iliyotiwa saini Januari 1975, iliyozinyima upendeleo wa kibiashara nchi za kikomunisti zilizowazuia raia wake kuhama, aliijua kifungu kwa kifungu, na angekueleza hata kama hukuuliza.

Binti alirithi upande wa karatasi. Alikuwa mtaalamu wa sera za umma, hasa za bima ya afya ya wazee, na sijapata kuona mtu aliyeweza kuisoma kanuni ya serikali kwa raha namna ile.

Wa nne ni mimi, niliyejifunza fiziotherapia hospitali ya KCMC, Moshi, nikafanyiwa tathmini ya vyeti na mtihani wa leseni wa Marekani (habari ndefu, tuiache), kisha nikaajiriwa na wakala wa huduma za majumbani ambaye sitamtaja. Kazi yangu kwa Mwalimu ilikuwa mlango.

Nieleze kidogo. Mtu mzima mwenye afya hatembei kwa kufikiri. Sehemu za ndani za ubongo humwendeshea miguu wakati yeye anawaza bei ya nyanya. Parkinson huua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuendesha mwendo, na mwendo ule wa mazoea hukatika, hasa kwenye kona, mahali pembamba na vizingitini. Miguu hugandamana na sakafu ilhali kiwiliwili kinaendelea mbele, na hapo ndipo watu huanguka na kuvunjika nyonga. Wakati mwingine ishara ya kutoka nje ya mwili humpatia mgonjwa njia nyingine ya kuanza: mistari ya utepe sakafuni, mlio wa metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa), au hesabu ya mtu aliyesimama kando. Mwalimu alikuwa akienda vizuri ukumbini na jikoni. Akifika mlango wa chumba cha piano, anaganda.

Kulikuwa pia na ugumu wa bima. Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani, wakati ule ililipia huduma ya nyumbani kwa vipindi vya siku 60, kila kipindi kikithibitishwa na daktari, na desturi iliyoota mizizi katika ofisi nyingi ilikuwa kwamba mgonjwa asiyepiga hatua mbele hufungiwa faili. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kupingwa mahakamani. Glenda Jimmo, mwanamke wa Vermont asiyeona na aliyekatwa mguu, alikuwa miongoni mwa walioishitaki serikali mwaka 2011, na Januari 2013 mahakama ya shirikisho ya huko iliidhinisha makubaliano kwamba kinachotazamwa ni kama mgonjwa anahitaji ujuzi wa mtaalamu, hata ikiwa lengo ni kumzuia asizidi kudidimia. Makubaliano yalikuwepo, ofisini kwetu hayakuwa yamefika, au yalifika yakawekwa chini ya karatasi nyingine. Mwishoni mwa mwaka ule niliagizwa kwamba Mwalimu hapigi hatua, kwa hiyo nianze kumuaga.

Ijumaa moja ya Desemba, jua lilikuwa lizame kabla ya saa 11 jioni, na mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya hapo. Vinara viwili vilikuwa juu ya meza ndogo ndani ya chumba cha piano, na Mwalimu alikuwa ameapa kuvifikia kwa miguu yake. Tuliondoka jikoni vizuri. Alipokanyaga kizingiti, akaganda.

Nilikuwa nyuma yake kidogo, upande wa kulia, mkono mmoja umeshika mkanda wa kiunoni na mwingine uko wazi karibu na mbavu zake. Visigino vyake vilinyanyuka huku vidole vikibaki chini, na magoti yakaanza kutetemeka haraka haraka bila kwenda popote. Metronomu ya simu yangu iliendelea kugonga mfukoni. Sebuleni binti yake alikuwa akizungumza kwa simu na msimamizi wangu, akimtajia namba za ibara kwa upole ule wa watu wanaojua kwamba watashinda. Mzee alikuwa amekwisha kuingia ndani, amesimama karibu na meza na kibiriti mkononi, akitazama saa ya ukutani na kujifanya haitazami.

"Zima hicho," Mwalimu alisema. Nikaizima metronomu.

"Sasa hesabu."

Nikahesabu kwa Kiingereza, moja hadi nne, kwa sauti ya kazi ambayo sisi wa viungo hujifunza mapema, sauti ya uchangamfu isiyokuwa na wasiwasi. Hakusogea.

"Unahesabu kwa koo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba nililazimika kuinama. "Mabega yako yamepanda. Nayasikia."

Yalikuwa yamepanda kweli, kama ya mchukuzi wa bandarini aliyesahau kutua gunia. Nikayashusha. "Vuta pumzi mbavuni," aliendelea, akisimama kwa nukta baada ya kila maneno mawili matatu, "uziache mbavu zikae wazi, usiziangushe, halafu ndipo uniambie niende." Na ili nielewe, akaivuta yeye. Nilihisi mbavu zake za chini zikitanuka dhidi ya kiganja changu, mbele, ubavuni na mgongoni, polepole na kwa usawa, kisha zikabaki hivyo. Moshi nilifundishwa mbavu juu ya mifupa ya darasani, nikazitaja zote bila kukosea, na tangu hapo nilikuwa nimeshika mbavu za wagonjwa wengi sana. Lakini sikuwahi kuhisi mtu akizifungua kwa kukusudia na kuzitunza wazi, kwa ustadi kamili, wakati miguu yake haipokei amri yoyote. Ugonjwa ulikuwa umepita pale ukaacha chumba kimoja bila kukigusa. Nilinyamaza. Nadhani nilisahau kwa muda kwamba mimi ndiye niliyepaswa kumsogeza.

"Imba kitu," alisema. "Chochote chenye pigo."

Sikuwa na kitu. Nyimbo za Kiingereza ninazozijua ni za redioni, na mbele ya Mwalimu hakuna aliyethubutu kuimba za redioni. Kilichonijia ni kasida ya madrasa, tuliyokuwa tukiiimba wasichana kwenye maulidi, tukipigiwa matari, tukiyumba kulia na kushoto kwa safu. Ndiyo niliyoimba, kwa sauti ya chini, nikiigonga ncha ya mkanda kwa kidole mahali ambapo tari lingelia. Aliisikiliza mzunguko wa kwanza bila kusogea. Katika wa pili akaanza kuguna chini ya sauti yangu, noti moja tu, akiishikilia. Uzito wake ukahamia kushoto, jinsi safu yetu ilivyokuwa ikiyumba, na mguu wa kulia ukanyanyuka wenyewe, ukavuka kizingiti. Halafu wa kushoto. Hatukuacha kuimba mpaka mkono wake uliposhika ukingo wa piano.

Mzee ndiye aliyezungumza kwanza. "Miaka ishirini tumesimama kimya Mtaa wa 16," alisema, "na wewe uko ndani ya nyumba hii hii unajua kwamba kuimba kunaharakisha mambo."

"Hukumuuliza mwalimu," mkewe akajibu, akanyoosha mkono apewe kibiriti.

Ndani ya gari niliandika taarifa: mgonjwa alivuka kizingiti kwa ishara ya sauti yenye mdundo, kwa msaada mdogo wa kuguswa. Fomu ilikuwa na visanduku vya umbali, vya kiwango cha msaada na vya idadi ya kuganda. Kwa mbavu hapakuwa na kisanduku. Makubaliano ya Vermont yanauliza kama ujuzi wa mtaalamu ulihitajika. Siku ile ulihitajika, bila shaka yoyote. Nina wasiwasi tu kwamba niliutia saini ujuzi wa mtu mwingine.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Barua ya binti ilifika ofisini ikiwa na vifungu vyote, na faili likaendelea kuwa wazi. Kasida ilifanya kazi siku moja na kushindwa siku mbili, kisha ikafanya kazi tena, bila sababu ninayoweza kuitetea mbele ya wenzangu. Majira ya sikukuu zao yalipofika mwaka uliofuata, Mwalimu aliingia sinagogi kwa miguu, jambo ambalo bima haimkatazi mgonjwa wa nyumbani, kwa kuwa sheria tangu mwaka 2000 imetamka kwamba kwenda ibadani hakumwondolei haki yake. Taarifa aliyoniletea kutoka huko ilihusu jinsi kiongozi wa nyimbo alivyoimba chini kidogo ya noti. Baadaye ikaja homa ya mapafu.

Katika miezi ile ile nilikuwa na mgonjwa mwingine wa Parkinson, dereva wa basi mstaafu aliyeishi peke yake si mbali na pale, na faili lake lilifungwa kwa sababu ile ile ambayo ilishindwa kulifunga la Mwalimu. Nilinakili hoja za barua ya binti, nikazipeleka ofisini kwa ajili yake, nikaambiwa muda wa kulalamika umepita. Nilipomsimulia Mzee, bila kumtaja mtu, aliandika namba yake ya simu kwenye kadi na kuniomba nimfikishie huyo bwana. Dereva aliipokea, akaitazama pande zote mbili, akauliza wakili huyo anatoza kiasi gani. Nikamwambia hatozi. Akauliza, kama hatozi, anataka nini hasa.

Nikamweleza habari za ubalozi, Mtaa wa 16 na zile dakika 15 za kila mchana. Akacheka mpaka nikamshika bega asipoteze mizani. Aliwahi kuendesha basi la mtaa ule miaka hiyo, alisema, na watu wale aliwaona mara nyingi, wamesimama kando ya barabara kwenye baridi. Kila alipowakaribia alipunguza mwendo akidhani wanangoja basi, na hapandi hata mmoja. Kadi aliitia katika mfuko wa shati. Kama alipiga simu, hakuna kati yao aliyeniambia.