Kufuli kwenye droo ya vijiko

Jumamosi binti yangu alikuwa anatafuta kijiko cha kulia parachichi, akatoka na kufuli.

"Mama, funguo za hili ziko wapi?"

Nikamwambia halina funguo. "Sasa mbona linakaa na vijiko?" Ana miaka kumi na mmoja, umri wa kutokubali kudanganywa. Nikamwambia ale kwanza, tutaongea baadaye, nikijua atasahau. Kweli akasahau. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale jikoni mpaka wali ukaungua.

Kufuli lile lilikuwa la stoo ya baba mkwe, kule Kibosho. Stoo ya majembe, bomba la kupulizia kahawa, na ndoo ya mrututu, ile dawa ya buluu ya kahawa. Mnaonijua mnajua mwaka 2014 nilikuwaje na ule ugonjwa wa hofu na kunawa kusikoisha, OCD kwa Kiingereza, sina haja ya kuanza mwanzo. Nilikuwa mzazi, nalishwa mtori na mama mkwe, sigusi hata ufagio. Asubuhi moja nikamwona baba mkwe anafunga stoo, anakuja, anahamisha kikombe changu cha chai ili apate pa kuweka redio. Basi. Mkono una dawa, dawa iko kwenye kikombe, kikombe nakishika mimi, na mimi ndiye namnyonyesha mtoto. Nikaenda kunawa. Nilipomaliza nikaona sikunawa vizuri, nikarudi.

Kufikia mwezi wa pili, kipande cha sabuni ya mche kilichokuwa kinafua nguo za nyumba nzima kwa wiki, nilikimaliza kwa siku moja na nusu. Mikono ikapasuka hadi ikatoa damu. Mama mkwe akanipaka mafuta, nikayanawa, maana kopo lake lilikuwa limekaa dirisha la upande wa stoo.

Kila mtu aliniambia "acha wasiwasi". Shida ya Kiswahili ndiyo hiyo: neno la ugonjwa tunalo, zuri kabisa, ila tumelizoea mno kiasi kwamba hakuna anayeona ni ugonjwa. Ukisema una wasiwasi unapewa chai.

Daktari wa kwanza alinisikiliza muda wa kuandika cheti tu. Alinipa vidonge vya kutuliza. Nililala mtoto analia pembeni yangu, nikaviacha. Padri alisema hii si dhambi, nitafute hospitali, na hadi leo namshukuru kwa ufupi wake. Wa tatu alikuwa mshauri nasaha, mzee mmoja mpole sana, ofisi yake Arusha. Mume wangu alikuwa anafanya kazi huko, kwa hiyo kila Alhamisi nilipanda Coaster kutoka Moshi, kilomita themanini hivi, mtoto mgongoni na chupa ya maji ya kunawia kwenye mkoba.

Nilimpenda yule mzee. Aliniuliza habari za baba yangu, za utoto wangu, nililia mpaka kanga ikalowa. Halafu mwishoni ningemuuliza, "Lakini mzee, mtoto hatadhurika?" Naye angeniwekea mkono begani: "Hatadhurika, mwanangu. Nina uhakika." Natoka pale mwepesi kama unyoya. Nikifika Usa River bado nipo sawa. Ijumaa mchana kauli yake imekwisha muda, kama kifurushi cha siku. Nampigia simu aseme tena. Anasema tena. Hakuwahi kunikasirikia hata mara moja, na miezi minne nikaimaliza hivyo, nikinawa zaidi kuliko nilivyoanza.

Rafiki yangu mmoja muuguzi, tuliyesoma naye, ndiye aliyenishtua. "Ukienda kwa mtaalamu, usimuulize ana vyeti vingapi. Muulize: mtu anayenawa mara hamsini kwa siku unamfanyia nini? Akikwambia atakufundisha kupumua tu, au mtaongea mpaka chanzo kijulikane, mshukuru uondoke." Akanielekeza kwa mwanasaikolojia mmoja hapa hapa Moshi.

Nafika, nakuta binti amevaa raba. Akasimama: "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba huku moyoni nasema nimekwisha. Mganga gani anayekupa shikamoo?

Nikauliza swali langu hata kabla sijakaa. Hakusita. Akasema nitashika ninachokiogopa, kidogo kidogo, kisha sitanawa, naye atakaa na mimi mpaka hofu ishuke yenyewe. Si yeye aliyebuni njia hiyo: Victor Meyer, London, aliandika mwaka 1966 habari za wagonjwa wawili, na mmoja wao ilibidi wamfungie maji chumbani. Nikacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Kwetu maji yanakatwa na hakuna aliyepona. Akanipa maswali kumi, kila moja lina alama kuanzia sifuri hadi nne. Nikapata 31 kati ya 40, na hapa alama nyingi maana yake ugonjwa mkali. Akasema nimwone pia daktari wa magonjwa ya akili, kwa kuwa kuna dawa inayofaa hata kwa anayenyonyesha. Mara ijayo nilete kitu kutoka nyumbani.

Nilileta kufuli, ndani ya Rambo tatu, moja juu ya nyingine. Wakati huo mifuko ya plastiki ilikuwa haijapigwa marufuku. Mama mkwe alikaa na mtoto kwenye benchi nje ya mlango.

Akafungua Rambo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akalitoa kwa mkono mtupu. Lilikuwa kufuli la shaba, limechakaa, na karibu na tundu la funguo palikuwa na doa la buluu iliyoelekea kijani, kubwa kama punje ya harage.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho hicho."

Akalipitisha kwenye viganja vyake vyote viwili, taratibu, kama mtu anayejipaka mafuta. Kisha akakata andazi lililokuwa mezani, akatia kipande mdomoni.

"Baba mkwe anafunga stoo kila siku, kisha anakunywa chai," akasema. "Hatutafanya hapa kitu ambacho watu wa kwenu hawakifanyi kila siku."

Nikamuuliza lile swali langu. Una uhakika hilo doa si dawa?

Akameza kwanza. "Sina, dada."

Nilidhani nimesikia vibaya. Miezi yote ile nilikuwa nasafiri kilomita themanini kufuata neno "nina", na huyu mtoto wa juzi ananiambia "sina", tena mdomoni ana andazi.

"Sina, na wewe hutakuwa nao. Shika."

Nikashika. Lilikuwa la baridi, zito kuliko nilivyolikumbuka. Harufu yake ilikuwa ile ya sarafu ikikaa mkononi muda mrefu. Akauliza hofu ni ngapi kati ya mia. Nikasema tisini na tano. Akaandika, akatazama saa ya ukutani, akanyamaza. Hakuniambia nipumue wala nijikaze. Baada ya muda akasema, "Midomo inatikisika. Unahesabu?"

"Nasali Salamu Maria."

"Hiyo nayo ni kunawa. Iache ya jioni."

Dakika kumi, tisini na tano. Dakika ishirini, tisini. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na dirishani mlima ulikuwa umejifunika wote, hata Mawenzi haionekani. Dakika ya thelathini na tano nikasema sabini, nikashangaa mwenyewe, nikadhani nimedanganya.

Ndipo mtoto akalia nje. Kilio cha njaa, kile ninachokijua. Yule binti akaenda akafungua mlango, akampokea kwa mama mkwe, akanisogezea.

"Mnyonyeshe."

Sijui nilitazama kitu gani kwanza, mikono yangu au mlango. Nilimpokea. Akashika ziwa kwa pupa kama kawaida yake, pua imeota vitone vya jasho. Halafu akafanya kile wanachofanya watoto wote: akatafuta kidole changu, akakikamata. Cha shahada, mkono wa kulia, kilichokuwa juu ya doa. Akaliachia ziwa, akakivuta kidole mdomoni.

Sikukitoa. Sijasema nilikuwa jasiri. Nadhani mkono ulikuwa umekufa ganzi. Ulimi wake ulikuwa wa moto. Nikainua macho kumtafuta yule binti, nipate hata kutikisa kichwa tu, hata kope ya kuniambia ni sawa. Alikuwa amenipa mgongo, anatazama nje. Baadaye sana aliniambia alifanya makusudi, na kwamba na yeye moyo ulikuwa unamwenda mbio.

Yaliyofuata ni marefu na hayana utamu. Alimwita mume wangu akamkataza kunijibu "mikono ni safi", kazi iliyomshinda mara nyingi kuliko mimi. Daktari alinipa sertraline, akaniambia nisitegemee mabadiliko makubwa kabla ya wiki nane hadi kumi na mbili, na kipimo kikapandishwa hadi juu kuliko cha dada yangu anayetumia hiyo hiyo kwa sonona. Nililia stendi mara mbili. Mwaka ulipokwisha, yale maswali kumi yalinipa 12.

Watu huniandikia: ulimchaguaje huyo mwanasaikolojia? Ningependa kusema nilichagua. Ukweli ni kwamba ile wiki rafiki yangu aliponielekeza, mzee wa Arusha alikuwa kwao likizo ya mwezi mzima na simu haishiki. Angekuwepo, ningepanda Coaster Alhamisi ile, na nyingine, na nyingine. Wema wake nilikuwa nimeshauzoea kama sabuni.

Nilikutana naye mwaka jana soko la Mbuyuni, anachagua ndizi. Alinikumbuka hata jina la mtoto. "Ulipona, mwanangu?" Nikasema nipo, mzee wangu, namshukuru Mungu. Akafurahi kweli, nikaona anaamini ni kazi yake. Nikambebea ndizi hadi kwenye bodaboda. Nilitaka kumwambia. Pengine kuna mwingine anakaa kwenye kile kiti kila Alhamisi. Lakini unamwambiaje mzee aliyekufuta machozi miezi minne? Bodaboda ikaondoka.

Jumamosi jioni binti yangu akarudi jikoni, kumbe hakusahau. Kufuli mkononi, analigeuza kwenye taa.

"Mama, hiki cha buluu ni nini?"

Baba yake, bila kuinua macho kwenye simu, akasema ni kutu tu, shaba huwa inafanya hivyo. Akakumbuka, akafunga mdomo.

"Sijui," nikamwambia.

Akalirudisha kati ya vijiko, akachukua kimoja, akaenda kumalizia parachichi lake. Walipolala nilivisuuza vijiko vyote. Mara moja tu. Huenda ulikuwa usafi.