Ndengu Zilizoivia Njiani, Railways hadi Kona Baridi

Saa kumi na mbili asubuhi sufuria mbili zilikuwa motoni Nairobi. Saa nne na nusu zilitakiwa kufunguliwa juu ya vilima vya Ngong zikiwa bado zinatoa mvuke, na hatukubeba jiko.

Kupikia kule juu kunawezekana, lakini ni kazi ya bure. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94. Kwenye Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote vya Ngong, mita 2,460, yanachemka kwenye nyuzi 92. Tofauti hiyo ningeivumilia, ila upepo siuwezi. Mitambo ya umeme wa upepo haikusimikwa Ngong kwa urembo. Moto wa jiko dogo la gesi unalala ubavuni na sufuria inabaki kuguswa nusu. Afadhali uchemshe nyumbani na safari imalizie mapishi. Ni kanuni ya lile kapu la kupikia linalojazwa vitambaa, ila kapu halibebeki mgongoni.

Badala yake sufuria tulizishonea koti la kutunza joto, au tuseme tuliligundisha, jioni ya kuamkia safari. Kitambaa chake ni ile karatasi ya kung'aa yenye viputo vya hewa ambayo madereva huweka nyuma ya kioo cha mbele kuzuia jua. Barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri, tuliipata kwa shilingi 350 baada ya kupatana. Ina unene wa milimita 4 hivi, na kipande kimoja cha sentimita 130 kwa 60 kinatosha makoti mawili. Tepu iwe ya alumini, ile ya mafundi wa jokofu. Tepu ya kahawia ya kufungia katoni gundi yake inalainika ikipata joto, na kabla hujafika kituoni koti limefunguka.

Sufuria zetu za kawaida zinafaa kuliko zile za kupigia kambi za bei ghali, kwa kuwa hazina mkono wa kutobolea koti. Yetu ilikuwa na kipenyo cha sentimita 16 na kina cha 9. Ukanda wa ndani tuliukata sentimita 52 kwa 9, wa nje 54 kwa 9, kwa sababu unazunguka unene wa ule wa kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakata kanda mbili sawasawa, wa nje hautoshi, wanaulazimisha, viputo vinabanwa hadi vinapasuka. Hewa ikitoka ndani ya viputo, umebaki na karatasi tu. Kitako ni visahani viwili vya sentimita 17.6, na juu yake, kwa ndani, kisahani cha katoni kavu. Kofia inahitaji nafasi ya ukingo wa sufuria uliojitokeza nje: ukanda wa 58 kwa 5, juu visahani viwili vya 19. Kofia ishuke juu ya koti kwa angalau sentimita 3. Mwanya ukibaki hapo, upepo wote wa Ngong unaingilia hapo hapo.

Ndengu gramu 400 zililowekwa usiku kucha. Tulikaanga kitunguu, tukazitia humo pamoja na maji hadi sentimita 2 chini ya ukingo, tukachemsha kwa dakika 15 huku kifuniko kikiwa juu. Nyanya hazikuguswa, ukali wake unazifanya ndengu zigome kulainika, kwa hiyo zilisafiri peke yake kama kachumbari. Maharagwe mekundu usiyajaribu kwa njia hii hata kidogo. Yana sumu inayohitaji kuchemka kwa nguvu angalau dakika 10, na joto la chini haliitoi. Hayo yaive kabisa jikoni kwanza.

Moto ukizimwa, subiri hadi sauti ya kuchemka ikome ndipo uvalishe koti. Kitako cha sufuria kinachotoka motoni kina joto kuliko maji yenyewe, nacho kinayeyusha viputo. Ndiyo kazi ya ile katoni. Futa mvuke ukingoni, funga kifuniko kwa mpira wa tyubu uliokatwa, kisha zungushia sweta zito la Gikomba.

Matatu ya 111 ilitutoa kituo cha Railways, katikati ya Nairobi. Sufuria ikae wima katikati ya miguu, si chini ya kiti ambako makanga atasukuma magunia ya watu. Ngong mjini tulichukua boda hadi lango la msitu, tukalipa, tukapewa askari wa kutusindikiza.

Kilima cha tatu, saa nne na nusu. Kipimajoto kilisoma nyuzi 68 kwenye ndengu. Zilibonyea kwa vidole viwili, mchuzi ukiwa mzito.

"Afande, karibu ndengu."

Akatazama pande zote akitafuta jiko. "Mmewasha moto wapi?" Moto ndio uliomshughulisha kuliko chakula.

Sufuria ya pili ilikuwa ya wali, koti lile lile, vipimo vile vile, lakini tuliijaza nusu tu. Ilisoma 51. Maji na chakula ndiyo ghala la joto. Ghala likiwa nusu, linaisha mapema huku ukuta ukiwa na ukubwa ule ule. Tena wali uliokaa chini ya nyuzi 60 si wa kuchelewesha, kwa hiyo ulitangulia kuliwa. Safari nyingine nitatumia sufuria ndogo na kuijaza.

Kuanzia hapo ni kupanda na kushuka hadi Lamwia, Bonde la Ufa mkono wa kulia, upepo ukikupiga ubavuni. Kona Baridi, mwisho wa vilima, tulifika saa nane. Ndengu zilizobaki, ambazo sufuria yake ilikuwa imefunguliwa mara mbili, zilisoma 44, hizo tulizimwaga. Ndani ya kofia kulikuwa na matone. Tuliigeuza nje ndani na kuifunga juu ya begi ikauke, maana ikikunjwa na unyevu inavunda, na tepu inaanza kuachia kwenye kona.