Mtoto ana degedege, kalsiamu iko chini, PTH iko juu: tuanzie wapi?

Kama unatibu watoto huku Kanda ya Ziwa na una mtoto mwenye kifafa ambacho dawa hazikishiki, naomba mpime kalsiamu. Leo hii hii. Naandika haya kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, na dada kaniruhusu niandike mradi nisitaje jina.

Mtoto alianza kushikwa na degedege akiwa chekechea. Hospitali moja wakasema kifafa, akaanzishiwa fenobabitoni, zikirudi dozi inaongezwa, na hakuna aliyewahi kupima kalsiamu. Sasa fenobabitoni yenyewe inafanya ini livunje vitamini D haraka, yaani kwa mtoto ambaye kalsiamu tayari iko chini unamzidishia shida huku unadhani unamsaidia. Alafu alikuwa mnene toka mdogo, uso wa mviringo, mfupi kuliko wenzake, na watu pale Kirumba, Mwanza, wakawa wanamsifia dada, "mama fulani unalea, mtoto kanawiri kweli". Nani atamuona mtoto mnene akadhani anaumwa?

Mimi ni mtu wa maabara, kwahiyo nilianzia huko. Kalsiamu ikatoka milimoli 1.6 kwa lita wakati kawaida ni kama 2.1 mpaka 2.6, na wenzangu wa maabara mnajua kitu cha kwanza kufikiria hapo ni tyubu. Ile ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, EDTA inashika kalsiamu, mtu akivuta damu kwenye zambarau akaona kakosea akaimiminia kwenye nyekundu basi kalsiamu inashuka ya uongo na potasiamu inapanda ajabu. Nikaangalia potasiamu, iko sawa. Albumini, protini inayobeba kalsiamu kwenye damu, iko sawa. Kriatinini iko sawa, kwahiyo figo hazijafeli. Fosfeti ndio ilikuwa juu.

Hapa ndio watu wengi wanasimama na kusema tezi za parathairoidi, zile ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, hazifanyi kazi, wanaandika jina, wanafunga faili. Tusifunge hapo. Pima PTH, homoni inayotolewa na tezi hizo! Kama tezi hazifanyi kazi PTH itakuwa chini au haionekani kabisa. Ya mpwa wangu ilikuwa juu mara kadhaa ya kiwango cha mwisho cha kawaida. Maana yake tezi zinafanya kazi tena kwa nguvu zote, homoni inafika kwenye figo inapiga hodi, figo haifungui. Figo ikikataa amri ya PTH inabakiza fosfeti badala ya kuitoa kwenye mkojo, na haitengenezi vitamini D ile iliyo tayari kufanya kazi, basi kalsiamu inashuka, mishipa ya fahamu inakuwa mepesi kushtuka, mtoto anadondoka.

Aliyeligundua hili ni Fuller Albright kule Boston, Marekani, mwaka 1942 na wenzake. Aliwapa wagonjwa dondoo la tezi ya parathairoidi, hawakuitikia, akaelewa kwamba homoni haikosekani ila mwili ndio hauisikii. Ndio mara ya kwanza ugonjwa wa namna hiyo kuelezwa, na jina lake refu ni sudohaipoparathairoidizimu.

Kabla hujamwita mtu hivyo hakikisha vitu viwili. Vitamini D na magnesiamu. Upungufu wa vitamini D nao unatoa kalsiamu chini na PTH juu, ila mara nyingi fosfeti inakuwa chini na ALP, kimeng'enya cha mifupa na ini, juu, japo ukiwa mkali sana unaweza kuiga kabisa huu ugonjwa. Magnesiamu ikiwa chini sana nayo inavuruga utoaji wa PTH na jinsi mwili unavyoiitikia. Ukiruka hivi viwili umekisia tu.

Sasa kuhusu aina zake, na hapa nina msimamo. Mfumo wa zamani una 1a, 1b, 1c na 2. Ulijengwa juu ya kumchoma mgonjwa PTH na kupima kwenye mkojo kama cAMP (kijumbe kinachobeba amri ya homoni ndani ya seli) na fosfeti vinapanda, alafu kupima nguvu ya protini ya Gs, ile inayopitisha amri hiyo, kwenye seli za damu. cAMP isipopanda ni aina ya 1, ikipanda lakini fosfeti haitoki ni aina ya 2. Nani Mwanza atafanya hicho kipimo wiki hii kwa mtoto anayedegedeka? Na makundi yenyewe yanaingiliana, kuna wa 1b wana vidole vifupi ambavyo zamani ilisemwa ni vya 1a tu. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wakaleta mfumo mwingine, iPPSD, unaangalia njia nzima ya ishara ya PTH imekatikia wapi. iPPSD2 ni hitilafu ya jeni ya GNAS yenyewe, ile inayotengeneza protini ya Gs, iPPSD3 ni alama za metilesheni, zile za kikemikali zinazowasha na kuzima jeni, zimevurugika kwenye GNAS, 4 ni jeni ya PRKAR1A, 5 ni jeni ya PDE4D, na kadhalika. Mimi naupenda kwa sababu mlango wake ni vitu ambavyo hata sisi tunaweza kuviona: mwili kuikataa PTH, vijifupa vinavyoota chini ya ngozi, na vidole vifupi. Vidole peke yake havitoshi, lazima viende na dalili zingine kama TSH (homoni inayoiamrisha tezi ya thairoidi) kuwa juu, unene wa mapema au ufupi. Jeni itakuja baadae hela ikipatikana, sisi bado hatujapima.

Nilimwambia mtoto akunje ngumi. Kwa kawaida vifundo vinapanga mstari, kwake pale kwenye kidole cha nne na cha tano pana kishimo. Dada akakunja yake kimya kimya akaniuliza, "Kaka, kwani huu wangu nao?" Uko vilevile! Tulimpima dada, kalsiamu safi, fosfeti safi, PTH safi. Na marehemu baba yetu, mtu wa Ukerewe, alikuwa mfupi mwenye vidole hivyo hivyo.

Hii ndio sehemu inayonishangaza mpaka leo. Kwenye figo na tezi ya thairoidi inayotegemewa zaidi ni nakala ya GNAS iliyotoka kwa mama. Hitilafu ikitoka kwa baba unapata umbo tu, yaani ufupi na vidole vile, damu inabaki sawa; watu wa umbo hilo wenye damu safi Albright na wenzake waliwaelezea mwaka 1952. Ikitoka kwa mama unapata umbo pamoja na homoni kukataliwa. Dada inaonekana aliipata kwa baba, akampa binti yake. Sio kosa lake, na nimemwambia hivyo mara nyingi.

Mtoto anatumia vidonge vya kalsiamu na alfakalsidoli, vitamini D isiyosubiri figo kuiamsha, sio vitamini D ya kawaida peke yake, maana figo yake haiwezi kuiamsha vizuri. TSH ilikuwa juu pia, kwahiyo anatumia na levothairoksini, homoni ya thairoidi ya vidonge. Fenobabitoni daktari wake aliipunguza taratibu mpaka akaiacha, msije mkaikatisha ghafla nyumbani. Bibi alituma dagaa furushi zima akisikia kalsiamu, tunawala kwa kiasi, wana kalsiamu kweli lakini fosfeti nayo imejaa mle.

Macho yake yanaangaliwa kwa sababu mtoto wa jicho huja na kalsiamu ya chini ya muda mrefu. Na dada akibeba mimba nyingine, nafasi ya kurithisha ni nusu kwa nusu kila mara, kwahiyo mtoto atapimwa TSH mapema akizaliwa, maana thairoidi huonyesha shida miaka kabla kalsiamu haijashuka.