Datsun 240Z ya Safari kwa kipimo cha 1/24: nilichotengeneza mwenyewe, na ushauri nilioutupa

Ukiuliza namna ya kuongeza vitu vidogo kwenye modeli ya gari, utajibiwa haraka: tumia waya wowote, kata kopo lolote la plastiki, chekecha udongo upake. Hilo "lolote" ndilo linaloharibu modeli nzuri. Kwenye 1/24 kila kipimo kinagawanywa kwa 24, unene nao haubaki nje. Waya wa milimita moja unaouona mwembamba kidoleni ungekuwa bomba la milimita 24 kwenye gari halisi. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote napima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), nazidisha kwa 24, kisha naangalia kama gari la kweli lilikuwa na kitu kinene hivyo. Kalipa ya plastiki ya bei ya chee inatosha kabisa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, ile ya dereva Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971. Boksi ni la Hasegawa, kampuni ya modeli ya Japani. Kuunga bodi hakuna la kusimulia. Boneti niliiacha imefungwa, nguvu zote zikaenda kwenye vinavyoonekana: mikanda, taa, mipira ya kukinga tope na vumbi.

Mkanda wa mashindano wa inchi mbili, yaani milimita 50, unakuwa milimita 2.1. Utepe wa nguo, hata ule mwembamba wa kufungia zawadi, una nyuzi nene mno. Ukiutazama kwenye picha utadhani dereva amefungwa kwa jamvi. Mimi natumia karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Upande mmoja ni karatasi, kwa hiyo rangi inashika. Upande mwingine ni alumini, kwa hiyo ukiulaza juu ya kiti unakubali mkunjo na kubaki hapo hapo. Paka rangi kwanza, kata kwa wembe mpya baadaye. Ukikata kwanza, kingo zitajikunja rangi ikikauka.

Vifungo vya mkanda ndivyo ninavyojivunia, na vimetoka kwenye takataka tupu. Chukua fremu ya laini ya simu, ile kadi inayobaki ukishang'oa laini. Ina unene wa milimita 0.76 hivi. Kata ukanda wa upana wa milimita 2.2. Kisha vua ganda la waya laini wa umeme. Ndani kuna nyuzi nyingi za shaba, na kwenye waya wa milimita mraba 0.5 kila uzi una unene wa milimita 0.2. Zidisha kwa 24: karibu milimita 5, ndiyo chuma cha kifungo chenyewe. Zungusha uzi mmoja juu ya ukanda wa plastiki, mizunguko ikigusana, ukikaza kila kona kwa ukucha. Piga tone dogo sana la supaglu upande mmoja tu, halafu pitisha wembe katikati ya upande wa pili, kwa urefu. Mizunguko inaachana, kila mmoja mstatili mdogo wenye mwanya uliokatika. Ziba mwanya kwa kibano na uuelekeze nyuma, mkanda utaufunika. Mzungusho mmoja unatoa vifungo vya magari matatu.

Mipira ya kukinga tope nyuma ya matairi wengi huikata kwenye tyubu ya baiskeli. Tyubu ina milimita moja, hesabu unaijua. Puto lina unene unaofaa, ila baada ya miezi linakauka na kujikunja. Kinachodumu ni ubavu wa kikopo cha mtindi, mradi uangalie pembetatu chini ya kikopo. Ikiwa ndani ni 6, hiyo ni polistairini, ndugu wa plastiki ya modeli, na gundi ya kawaida ya modeli inaiyeyusha na kuiunga vizuri. Ikiwa ni 5, weka chini. Hiyo ni polipropilini: gundi haishiki, rangi inabanduka kama ngozi ya kiazi, na aliyekwambia "kikopo chochote" hatakuwepo kukusaidia. Piga msasa namba 600 upande wa nje ili kupoteza mng'ao, paka nyeusi iliyochanganywa na kijivu, kwa sababu mpira wa gari lililotembea hauwi mweusi tii.

Taa sasa. Spotilaiti ya milimita 180 inakuwa 7.5, na lenzi za modeli mara nyingi huwa na kipini katikati kwa nyuma, ambacho kinaonekana kama mboni ya jicho. Nilishauriwa nikate kipini na kumimina supaglu ndani ya taa, eti itakuwa kioo. Nilijaribu kwenye taa ya zamani kwanza, nashukuru. Supaglu ikimwagwa nene hukauka juu, chini inabaki majimaji, na mvuke wake huganda kama ukungu mweupe juu ya kila plastiki angavu iliyo karibu. Hewa yenye unyevu huzidisha. Epoksi ya dakika tano ni nafuu kidogo, lakini hushika viputo na baadaye hugeuka njano.

Dawa iko kwenye pakiti ya vidonge. Foili ya nyuma ndiyo kiakisi: weka kipande juu ya kifutio cha penseli, bonyeza kwa kichwa cha sindano ya kufuma hadi kiwe bakuli, kata duara. Plastiki angavu, sehemu bapa iliyo kati ya vidonge, ndiyo lenzi. Ishike kwa koleo juu ya mshumaa, sentimita 7 hivi kutoka kwenye moto, mpaka ilegee katikati, kisha ibonyeze papo hapo juu ya kijiti cha mviringo ulichokisugua kikawa na kichwa cha duara. Fungua dirisha, maana plastiki hiyo kwa kawaida ni PVC na ikiungua hutoa moshi mkali unaokera kifua. Ikibadilika rangi umepitisha, itupe. Mistari ya lenzi chora kwa ncha ya wembe upande wa ndani. Ibandike kwa gundi nyeupe ya seremala, ambayo hukauka angavu na haina mvuke.

Halafu vumbi. Safari bila vumbi ni gari la maonyesho. Ushauri wa kila mtu ni kuchekecha udongo kwa soksi ya nailoni. Matundu ya soksi yanapitisha chembe za robo milimita, na robo milimita mara 24 ni milimita 6: umelimwagia gari kokoto. Mimi sichekechi, naosha. Vijiko viwili vya udongo mwekundu kwenye chombo cha maji chenye kina cha sentimita 10, koroga, acha dakika tano. Chembe kubwa zinazama. Mimina yale maji machafu kwenye sahani pana na uyaache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya juu, anika uji uliobaki, saga kwa mgongo wa kijiko. Unachopata ni laini kuliko poda ya mtoto.

Rangi inayong'aa haishiki unga huu. Puliza vanishi isiyong'aa sehemu za chini za bodi, pembezoni mwa matairi na nyuma yote, kisha paka unga kwa brashi laini. Nyuma weka zaidi: gari likienda kasi linavuta hewa na vumbi mgongoni mwake, na 240Z yenye mkia uliokatika ghafla ilijipaka vumbi hadi kioo cha nyuma. Usipulize vanishi juu ya unga. Ukilowa unakuwa mweusi na kazi yote inageuka tope bichi. Hata ukichanganya chaki ili upauke, vanishi huifanya chaki isionekane. Mimi nimeacha vumbi bila kufunga, nashika gari kwa chini tu.

Kioo cha mbele kinataka pinde mbili safi za waipa. Kata tepu ya kukingia rangi kwa bikari yenye wembe, bandika kabla ya vumbi, na wakati wa kuitoa ikunje irudi juu yake yenyewe, polepole, sambamba na kioo. Ukiivuta juu kwa ghafla vumbi linarukia ndani ya upinde, na kulifuta kunaacha michirizi. Likitokea hilo, osha kioo kizima kwa pamba yenye maji, ukauke, ubandike tepu upya.