Imepanda Bila Madirisha

"Shangazi, kwangu picha zinaonekana. Kwenye seva hazionekani."

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuwa amejilaza mkekani, kompyuta tumboni, anatengeneza tovuti ya mtu, mimi nachambua mchele. Sikunyanyua hata kichwa. "Angalia majina ya mafaili. Kuna herufi kubwa mahali." Kimya kidogo, vidole vikalia tiki tiki, halafu: "Khaa! Umejuaje?"

Nimejuaje.

Ilikuwa 2006, mwaka wa mgao. Maji ya bwawa la Mtera, linalozalisha umeme, yalipungua na umeme ukawa wa kuviziana. Nilikuwa Tanga, najiita mtengeneza tovuti kwa sababu nilikuwa nimetengeneza moja, na hiyo moja ilikuwa yangu mwenyewe. Mzee mmoja wa Pangani, mwenye nyumba ya wageni karibu na kivuko, alikuwa amesikia kwamba wenzake wa Zanzibar wanapata Wazungu kupitia kompyuta. Akanipa kamera yake, nikapiga picha 14: mlango wa nakshi, vitanda na vyandarua vyake, baraza, mto unavyoingia baharini. Kurasa niliziandika kwa Notepad, programu ya kuandikia maandishi tu, usiku, kwenye kompyuta ya shemeji. Zilipendeza. Kwenye kompyuta ile zilipendeza sana.

Siku ya kupandisha kurasa na picha kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayoionyesha tovuti kwa dunia nzima, Mzee akasema mambo ya kuhadithiwa kwa simu hayataki, atakuja kuona. Akapanda basi la alfajiri, barabara yote vumbi, akaingia kwenye intaneti kafe ya Ngamiani na kanzu na kofia kama anakwenda kuoza binti. Kijana wa kafe akampa kiti cha maana. Mimi nikabaki na stuli.

Nikafungua FileZilla, programu ya kupandishia mafaili. Kushoto mafaili yangu kwenye flashi, kulia folda ya seva, public_html, tupu kabisa. Nikayachagua yote, nikayavuta kulia, na chini foleni ikajipanga. Mzee akainamia kioo.

"Yanakwenda wapi?"

Seva ilikuwa Texas, lakini nilimwonyesha dari kwanza, maana juu ya paa kulikuwa na dishi. Mkongo wa intaneti wa baharini ulikuwa bado haujatufikia, ulikuja 2009. Siku zile kila kitu kilipanda kwenye setelaiti, kilomita kama 36,000 juu, ndipo kiteremke ughaibuni. Mzee akaitazama dari muda mrefu.

"Na mlango wangu?"

"Na mlango, Mzee."

Kurasa zilikwenda upesi, zile ni maandishi tu. Picha ndizo zilizotutesa. Moja ilikuwa kama kilobaiti 700, na sisi tulikuwa tunaambulia kilobaiti 3 kwa sekunde, tukigombania na watu wanane waliokuwa wanasoma barua pepe zao. Dakika nne kwa picha. Mzee alizihesabu kwa tasbihi. Sitanii: kila mstari ulipotoweka kwenye foleni, alisukuma punje moja. Nje jenereta linakoroma, moshi wa petroli unaingia dirishani, jasho linanitiririka mgongoni, na mimi macho yapo kwenye majina yale kana kwamba nikipepesa tu yatarudi nyuma. DSC00039.JPG. Punje. DSC00040.JPG. Punje. Ya 41, ile ya mlango, ilifika asilimia tisini ikasimama. Nikashika ukingo wa meza. Mzee akasema Bismillahi, kwa sauti ya mtu anayevuka mtoni kwa ngalawa mbovu. Ikaendelea.

Punje ya 14 ikasukumwa. Nikaandika anwani, nikabonyeza, nikamgeuzia kioo, nacho kilikuwa kizito kama mfuko wa simenti.

Maandishi yakaja. Karibu Pangani, kwa rangi ya bluu. Na kila palipotakiwa picha, kisanduku kitupu chenye alama nyekundu ya X pembeni. Visanduku 14.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Imepanda bila madirisha," akasema.

Nilifanya alivyofanya kila mwenye kiwewe: nikafuta kila kitu kwenye seva, nikaanza upya. Kwenye picha ya sita jenereta likakohoa, likazima. Petroli imekwisha, na umeme wenyewe zamu yake ilikuwa usiku. Mzee akacheka. "Mto ni wangu, maji ndiyo hakuna." Na kweli, Mto Pangani unazungusha mitambo ya umeme ya Hale kabla haujafika mlangoni kwake. Nikataka kulipa, akakataa, akatoa shilingi elfu tatu, akawahi basi la alasiri.

Kosa nililigundua siku nne baadaye. Kamera iliandika DSC00041.JPG, mimi kwenye ukurasa niliandika dsc00041.jpg. Windows, mfumo wa kompyuta ya shemeji, haijali, herufi kubwa na ndogo kwake ni mamoja. Seva ilikuwa ya Linux, mfumo mwingine, na kwa Linux hao ni watu wawili wasiojuana. Maana yake picha zote zilikuwa zimefika salama tangu mara ya kwanza, zimekaa Texas zinasubiri kuitwa kwa majina yao. Ningesahihisha ukurasa ule mmoja, wa kilobaiti nne, nikaupandisha tena. Sekunde mbili. Mzee angeiona nyumba yake palepale kitini, na tasbihi mkononi.

Nilipomaliza nikampigia. "Mzee, imekaa sawa sasa. Tatizo lilikuwa kwenye seva, kule Marekani."

"Kumbe na wao wana mgao?"

Nikacheka. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Baadaye nikaambiwa habari hiyo imezunguka kwenye mabaraza ya kahawa Pangani nzima, kwamba hata Marekani umeme unakatika, picha za Mzee zilikwamia huko. Tovuti yenyewe nadhani hakuiona tena kwenye kioo. Mjukuu wake alimchapishia kwenye karatasi, ule mlango wa nakshi ukatoka mweusi tii. Nilikusudia kumweleza. Nilikwenda Pangani mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili nikanywa kahawa yake nikarudi zangu Tanga. Mwenyezi Mungu amrehemu.

"Uzoefu tu," nikamjibu mpwa wangu.

Akabadilisha majina, akapandisha upya. Siku hizi ni sekunde kumi, foleni yenyewe hata haioni. Kisha akachukua simu, akampigia mwenye kazi.

"Samahani bosi, ilikuwa ni seva tu, ilisumbua kidogo."

Nikaendelea kuchambua mchele.