Mwavuli wa Akiba, Oktoba 1963

Vifaa nilivyovaa asubuhi ile vilikaribia kilo 20, na hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu anayeruka kutoka ndegeni kwa kupenda. Mwavuli mkubwa niliobeba mgongoni ulikuwa wa aina ya C-9, ule ambao jeshi la Marekani liliwapa marubani wake ili wajiokoe ndege ikiharibika. Ulikuwa kitambaa cha nailoni chenye umbo la duara, upana wake futi 28, yaani kama mita nane na nusu, na kamba zake 28 ziliishia katika mikanda minne juu ya mabega. Klabu yetu ya wanafunzi iliununua katika mabaki ya jeshi, kisha fundi wetu mwenye leseni akakata vipande vya upande wa nyuma na kushona kingo zake, ili hewa inayotokea hapo iusukume mbele kwa kasi ya mtu anayekimbia polepole. Tumboni nilivaa mwavuli wa pili, wa akiba, wenye upana wa futi 24, na juu yake ilifungwa altimita, kifaa cha kupima kimo, pamoja na saa ya kuhesabia sekunde. Helmeti ilikuwa ya mwendesha pikipiki.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Niliondoka Mombasa mwaka 1960 kwa mojawapo ya zile safari za ndege alizoziandaa Tom Mboya na wenzake kwa ajili ya wanafunzi wa Kenya, na chuo nilichopangiwa kilikuwa magharibi mwa jimbo la Massachusetts. Baba yangu alikuwa fundi wa matanga pale Bandari ya Kale. Nilikua nikimshikia kitambaa cha merikani wakati akishona, na nilikuwa sijajua bado kwamba merikani ya zamani, iliyofika Unguja kwa meli za wafanyabiashara wa Salem katika karne ya kumi na tisa, ilifumwa katika viwanda vya jimbo lile lile nilikokuja kusoma. Basi siku nilipouona mwavuli umetandazwa juu ya meza ndefu ya kukunjia, nilichokiona kwanza kilikuwa mishono, na kilichonivuta kujiandikisha kilikuwa hamu ya kujua jinsi tanga linavyoweza kumbeba mtu bila mlingoti wala foromali.

Mkufunzi wetu alipigana vita vya Korea, kisha akajifunza michezo ya miamvuli mjini Orange, katika jimbo hilo hilo, ambako Jacques-André Istel alifungua kituo cha kurukia mwaka 1959. Mwaka 1962 mkufunzi alitupeleka huko kutazama mashindano ya dunia, nasi tukashuhudia watu wakianguka huru, wakigeuka hewani kulia na kushoto kwa amri ya mikono yao tu, kisha wakishuka karibu kabisa na alama iliyowekwa katikati ya mchanga. Miruko yangu mitano ya kwanza ilikuwa ya kamba iliyofungwa ndani ya ndege, ambayo ilinifungulia mwavuli nilipotoka mlangoni. Baadaye nikaruhusiwa kuvuta mwenyewe baada ya sekunde tano, na Jumamosi ile ya Oktoba ilikuwa zamu yangu ya kwanza ya sekunde kumi.

Lazima nieleze juu ya kile tulichokiita mkono, kwa maana habari yote imo humo. Kilikuwa mfuko mrefu wa pamba, mwembamba kama mkono wa kanzu, na matumizi yake yaliletwa Marekani kutoka Ufaransa. Mwavuli ulivutwa ndani yake wote, kisha mdomo wa mfuko ukafungwa kwa mikunjo ya kamba zenyewe, na mikunjo hiyo ikashikwa na rababendi. Mrukaji alipovuta kishikio, kimwavuli kidogo chenye springi kiliruka nje na kuunyanyua mfuko, kamba zikachomoka mkunjo baada ya mkunjo mpaka zikanyooka kabisa, na hapo tu mdomo ukaachia kitambaa kikajaa hewa. Mpangilio huo ulipunguza ule mshtuko wa kufunguka ambao zamani uliwaumiza watu, na ulizuia kitambaa kisitawanyike kabla kamba hazijanyooka. Usiku wa Ijumaa, nilipokuwa nakunja mwavuli wangu, niliona kwamba rababendi moja ya mdomoni ilikuwa na nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya kisigino. Boksi la mpya lilikuwa chumba cha pili. Nilikuwa na mtihani Jumatatu, nilikuwa nimechoka, nikaiacha.

Tulipanda Cessna iliyotolewa mlango, watu watatu na rubani, tumekaa sakafuni magoti yakigusa videvu. Kwenye futi 3,600, kama mita 1,100, mkufunzi alinigusa bega, nikakanyaga kidato cha nje, nikajiachia. Wenzangu walihesabu sekunde kwa Kiingereza; mimi nilihesabu kwa Kiswahili, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, kwa sababu lugha yangu haikunikimbia hata nilipokuwa na hofu. Nilipofika kumi nikavuta. Badala ya mvuto mrefu wa taratibu niliouzoea, nilitikiswa kwa nguvu upande mmoja, kisha nikaanza kuzunguka kwenda kulia. Nilitazama juu. Kamba moja ilikuwa imepita juu ya kitambaa na kukibana katikati, kikawa mafungu mawili yasiyolingana, kama gunia lililofungwa kiunoni. Hali hiyo wenyeji waliiita kwa jina la mwigizaji Mae West, nasi tulikuwa tumeonyeshwa picha zake darasani.

Siku hizi mtu katika hali kama ile huuachia mwavuli mbovu kwa mvuto mmoja tu, akafungua ule wa akiba. Sisi vifungo vyetu vya mabegani vilikuwa vya chuma, kila kimoja na kifuniko chake cha kufunguliwa kwanza, na mwanafunzi aliamriwa asiviguse kamwe, kwa kuwa mwavuli mbovu ulipunguza mwendo kuliko kutokuwa na mwavuli kabisa. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuurusha wa akiba kwa mikono. Kimwavuli chake cha springi kilikuwa kimetolewa makusudi, kisije kikajisokota katika ule uliokwisha kuharibika.

Nilibana miguu, nikalaza kiganja cha kushoto juu ya mkoba wa mwavuli wa akiba ili kitambaa kisiponyoke, nikavuta kishikio kwa mkono wa kulia. Kisha nikaingiza mikono yote miwili chini ya mikunjo, nikaitupa kuelekea upande ninaozungukia, kama nilivyofundishwa. Niliitupa kwa unyonge. Nailoni nyeupe iliteremka mbele ya magoti yangu, ikapita viatu, ikaning'inia ikipepesuka bila kushika hewa. Nakumbuka wazi kwamba sikuomba wala sikulia. Niliwaza kwamba Kenya itapata uhuru tarehe 12 Desemba, nami sitakuwapo. Nikaanza kuvuta kamba juu, mkono baada ya mkono, kama wavuvi wanavyovuta jarife, mpaka nikakikumbatia kitambaa chote kifuani. Mara ya pili nilikirusha kwa nguvu zote za mabega, mbali na mwili. Ukingo wake ulifunguka kidogo, ukameza hewa, na ghafla ukajaa kwa mlio ambao bado nausikia. Kule kuzunguka kukakoma. Miamvuli miwili ilisimama juu yangu, kila mmoja ukiegemea upande wake, nami nikashuka katika shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nikaangukia nyayo, kisha paja, kisha ubavu.

Nilikaa kati ya mabua yale kwa muda mrefu. Harufu yake ilikuwa ile ile ya mashamba ya kwetu baada ya mavuno.

Mkufunzi alifika akikimbia. Alinitazama macho, akanishika vifundo vya miguu, kisha akaufuata ule mfuko wa pamba na kuuinua. Rababendi ilikuwa imekatika pale pale penye nyufa, mdomo ukafunguka mapema, na kitambaa kikamwagika wakati kamba zikiwa bado zimelegea. Aliniuliza kama niliiona kabla. Nilijibu, "Ndiyo, bwana, niliiona jana." Hakunifokea. Alinikabidhi boksi la rababendi mpya na mifuko yote ya klabu, nami nikazibadilisha zote, moja moja, mpaka giza likaingia. Jumamosi iliyofuata niliruka tena na C-9 ile ile.

Wazazi wangu sikuwaandikia neno. Niliporudi nyumbani mwaka 1966 nilikuwa na kipande cha mwavuli, kimojawapo cha vile alivyovikata fundi wetu, na jioni moja nikampa baba mkononi huku nikimsimulia. Alikiinua kwenye taa, akaviona vile viraba vidogo vinavyofanywa na nyuzi nene zilizopitishwa kati ya nyembamba, na kabla sijamweleza akasema kwamba hizo ni za kuzuia mpasuko usiendelee. Alipapasa pindo, akahesabu mishono kwa ukucha. Kisha akauliza, "Mwanangu, na mdomo wa huo mfuko mliufunga kwa kitu gani?" Nilipomjibu, alikiweka kitambaa mapajani, akaniambia nimsimulie tena, taratibu, tangu usiku wa Ijumaa.